Unga wa mukuzanume kutoka duka la mitishamba Kampala: unga mzuri, karatasi ya hatari

Kwa majuma mawili nimetumia, kwa ajili ya koo lililokuwa likinikereketa, unga wa magome ya mukuzanume, mti ambao wataalamu huuita Warburgia ugandensis, nilioununua kwa shilingi 10,000 katika duka dogo la mitishamba mjini Kampala. Unga wenyewe ni mzuri: umetwangwa laini, umekauka barabara, na ukiuonja kidogo tu unawasha kama pilipili hadi kooni, dalili kwamba magome hayajakaa hadi yakapoteza makali. Muuzaji, mama wa makamo, alinifungulia gunia ninuse kabla hajapima, akanionyesha vipande vyembamba vilivyobanduliwa upande mmoja tu wa shina, kwa kuwa mti unaobanduliwa kuzunguka shina lote hukauka na kufa. Kwa hilo anastahili pongezi za dhati.

Kilichonisikitisha ni karatasi iliyobandikwa kwenye kopo, inayodai kwamba unga huu huua bakteria sugu wote na kwamba anayeutumia hana haja ya antibayotiki. Ni kweli kwamba kemikali za magome haya, zikiwemo muzigadiali na poligodiali, zimeonekana maabara zikizuia baadhi ya bakteria na kuvu. Lakini kinachotokea kwenye kisahani cha maabara si lazima kitokee mwilini, ambako kemikali huweza kuvunjwavunjwa na ini kabla ya kufika penye ugonjwa. Mgonjwa wa nimonia atakayeiamini karatasi hiyo anaweza kupoteza maisha.

Tena mimea kwa jumla huweza kuwa na kazi nyingine ambayo karatasi haikuigusa kabisa. Staphylococcus aureus, bakteria wa majipu na vidonda vyenye usaha, ana pampu kwenye utando wake, iitwayo NorA, inayoitoa dawa nje kabla haijamdhuru. Mimea ya jamii ya Berberis hutengeneza beriberini, kemikali inayodhuru bakteria, ambayo hutolewa nje na pampu hiyohiyo. Lakini baadhi ya mimea hiyo hutengeneza pia methoksihidnokapini, ambayo peke yake haiui bakteria ila huizuia pampu, na hapo beriberini hubaki ndani ikafanya kazi yake. Hospitalini mantiki ya namna hiyo imezoeleka: amoksisilini huambatanishwa na asidi ya klavulaniki ili kukizuia kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kuivunja amoksisilini. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye tumaini kubwa la mimea dhidi ya usugu, yaani kuisaidia dawa iliyoanza kushindwa, na kazi hiyo inahitaji kipimo kinachojulikana.

Kopo langu halina kipimo. Limeandikwa "kijiko kimoja", bila kueleza kama ni cha chai au cha chakula. Halina tarehe ya kutengenezwa wala namba ya usajili ya Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa. Nitaendelea kuutia unga huu kwenye chai koo likinisumbua, ila mtoto mwenye homa simpi.

Niliporudi kumweleza mama yule, alinisikiliza hadi mwisho. "Mwanangu, mimi mwenyewe huwaambia wamalize dozi ya hospitali," alisema, kisha akachukua kalamu na kuyafuta yale maneno kuhusu antibayotiki kwenye kopo langu. Makopo mengine yalibaki rafuni na karatasi ileile.