Kisanduku cha Kujifunzia Kudarizi kwa Utepe: Tathmini Baada ya Miezi Miwili

Kisanduku hiki kimetengenezwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kudarizi kwa utepe. Ndani yake mna kitambaa cha pamba kilichochapwa mchoro wa shada la maua, fremu ya mviringo, sindano mbili, tepe za upana wa milimita 4 na 7, nyuzi za kijani za mashina na kijitabu cha maelekezo. Nimekitumia kwa miezi miwili, nami naona kwamba kinaufundisha mkono vizuri kuliko kinavyolifundisha jicho.

Kijitabu hakianzi na ua, bali na namna ya kutunga utepe, na hapo nilitambua kwamba aliyekiandika ameishika sindano kwelikweli. Anaagiza kipande kisizidi sentimita 30 hivi, kwa kuwa kila utepe unapopenya kitambaani kingo zake huchakaa na kufumuka. Kisha, ukishapitishwa tunduni, ncha yake ichomwe kwa sindano hiyohiyo na kuvutwa mpaka ijifunge, usije ukachomoka katikati ya kazi. Waridi nalo limeelezwa kwa ufasaha: nyuzi 5 hutandazwa kama njiti za gurudumu, halafu utepe huzungushwa kutoka katikati, ukipita juu ya uzi mmoja na chini ya unaofuata. Idadi ya nyuzi lazima iwe witiri, maana ikiwa shufwa utepe utapita juu ya nyuzi zilezile kila mzunguko, na ua halitafumika.

Jambo ambalo lingepaswa kutangulia limefichwa kurasa za mwisho, nalo ni kwamba utepe hauvutwi kama uzi. Mimi niliyezoea uzi nilikaza kila mshono, na mawaridi yangu matatu ya mwanzo yakatoka kama vifungo vya koti. Nilipoulegeza utepe na kuuacha ujikunje utakavyo, petali zilijitokeza zenyewe.

Kuhusu vifaa, tepe za milimita 4 ni za hariri laini na hazina kasoro, ila zile za milimita 7, ingawa lebo inadai ni hariri, ni ngumu na hung'aa kama poliesta, tena hazikubali kukunjika. Utepe mwekundu ulichuja rangi nilipoifua kazi yangu ya kwanza. Sindano moja ni nyembamba mno: tundu inalotoboa kitambaani halitoshi, kwa hiyo utepe hupita ukiwa umebanwa na kujikunyata, na hakuna ustadi unaoweza kuunyoosha tena.

Sehemu ya ubunifu ndiyo iliyonisikitisha zaidi, kwani ina michoro ya kunakili tu, yote mashada, yote ya rangi zilizokwisha kuchaguliwa. Kuna ukurasa mmoja unaotaja mavazi ya makabaila wa Ufaransa wa karne ya 18 yaliyopambwa kwa tepe, lakini haumwelekezi msomaji ajifunze nini kwayo. Nilikigeuza kitambaa upande usiochapwa, nikaweka ua halisi mezani na kulitazama kwa muda mrefu kabla ya kutunga sindano. Petali hazikuwa na rangi moja, na mbili zilikuwa zimejikunja kwa ndani. Nikatunga tepe mbili za rangi ya waridi, moja iliyokolea na moja iliyofifia, katika sindano moja, na kila mshono ukatoka na kivuli chake. Utepe uliojipinda kwa bahati mbaya sikuufumua. Ukawa petali inayonyauka. (Hilo ndilo ua pekee ambalo wageni huuliza habari zake.)

Kwa anayeanza, ninakipendekeza kwa ajili ya maelekezo ya mishono, lakini aliyekwisha kuijua anunue tepe peke yake. Atakayekinunua aongeze sindano yenye ncha kali na tundu pana, na kabla ya kuutumia utepe mwekundu akiloweshe kipande chake na kukikandamiza juu ya kitambaa cheupe.