Kabla hujanunua kamera ya mitaani na ya pwani, tazama kwanza kama lenzi yake inapumua

Doa lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu, lenye kingo zisizoshikika, na lilikaa juu kidogo ya ncha ya mlingoti wa mashua iliyopandishwa ufukoni. Nilidhani ni ndege. Katika picha iliyofuata, ya kichochoro chenye kuta zilizopakwa chokaa, ndege huyo alikuwa pale pale upande wa juu kulia, safari hii akiwa ametua ukutani. Na katika ya tatu, ya duka lililofungwa, alikuwa ameganda kwenye bawaba ya mlango. Nilizifungua picha zote za siku mbili, nikazipitia moja baada ya nyingine, na hakusogea hata kwa unywele.

Kamera hiyo nilikuwa nimeinunua miezi 11 kabla, kwa sababu zile zile zinazowavuta wengi: inaingia mfukoni, lenzi yake hujikunja ndani ukiizima, na wapita njia hawaijali. Lakini lenzi hiyo haivuliwi, na kwa hiyo hakuna upenyo wa kuingiza hata pampu ndogo ya mpira ili kulipuliza vumbi lililotua kwenye kihisi, yaani kipande kinachopokea mwanga na kuufanya picha. Fundi aliniambia kwamba angelazimika kuifungua kamera nzima, skrubu kwa skrubu, na gharama aliyonitajia ilikaribia ile ya kununua nyingine. Sitaitaja kamera hiyo wala walioitengeneza, kwa kuwa kasoro ninayoilalamikia ni ya umbo, na umbo hilo linatumiwa na kampuni nyingi.

Kwa sababu hiyo sitazungumzia megapikseli, ambazo kwa kamera yoyote ya miaka ya karibuni zinatosha na kubaki, wala ubora wa video, wala idadi ya rangi zilizopambwa ndani ya menyu. Nitauliza swali moja ambalo muuzaji hatakuuliza: kamera hii inapumua? Lenzi inayochomoza na kurudi ndani hufanya kazi ya mvukuto wa mhunzi. Kila inapotoka, nafasi iliyo ndani yake hupanuka na hewa ya nje huvutwa kupitia mianya ya silinda zake. Kila inaporudi, hewa hutolewa lakini vumbi hubaki. Mpiga picha wa mitaani huiwasha na kuizima kamera yake mara nyingi kwa saa moja, kwa maana hataki kutembea na lenzi iliyochomoza, na kwa kufanya hivyo anaupuliza mvukuto huo siku nzima katika hewa ile ile yenye moshi, mchanga na rasharasha za mawimbi.

Baya zaidi ni kwamba namna yetu ya kupiga picha ndiyo inayoifichua kasoro hiyo. Vumbi halikai juu ya kihisi chenyewe, bali juu ya kioo chembamba kilicho mbele yake. Tundu la lenzi likiwa wazi, tuseme kwa f/2.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), mwanga huja kutoka pembe nyingi na kivuli cha chembe hutawanyika hadi kisionekane. Tundu likibanwa, miale huja karibu sambamba na kivuli hukaza, kikaanza kujitokeza kwenye f/8 na kuonekana wazi kwenye f/16. Anayepiga picha za nyuso hufanya kazi na tundu wazi na huenda asilione doa lake kwa miaka. Sisi tunaobana tundu ili barabara nzima, kuanzia mpita njia wa karibu hadi paa la mwisho, iwe safi, na tunaoziacha mbingu zichukue nusu ya picha kwa kuwa pwani mbingu ni sehemu ya mji, hatuna pa kulificha. Enzi ya filamu, kila picha ilikuwa na kipande chake kipya cha filamu, na chembe iliyoiharibu mara nyingi iliondoka nayo. Kihisi ni kimoja tu kwa picha zote utakazopiga katika uhai wa kamera.

Kisha ipo chumvi, ambayo watu huichukulia kama vumbi la kawaida, na sivyo ilivyo. Chumvi huanza kunyonya maji kutoka hewani na kuyeyuka pale unyevu unapofika takriban asilimia 75, kiwango ambacho hewa ya pwani hukifikia kwa urahisi, hasa usiku. Utando usioonekana uliotua kwenye silinda ya lenzi mchana hugeuka majimaji usiku, ukapenya, kisha kesho yake jua likaurudisha kuwa fuwele zenye makali. Ukiisikia lenzi ikichomoza kwa mlio mwembamba wa kusaga, kama kijiko kinachokwangua sufuria, basi kazi hiyo imekwisha kuanza.

Nafasi ya kwanza ninaipa OM System OM-5, na niseme wazi kwamba sina usawa katika jambo hili. Nimezipenda kamera za ukoo huu tangu zilipokuwa zikiitwa Olympus, na kitengo cha kamera cha Olympus kilipokabidhiwa kampuni mpya mwanzoni mwa 2021 nilihuzunika kama mtu aliyeuziwa nyumba ya wazazi wake. Mapenzi yangu hata hivyo yana msingi. OM-5, iliyotoka 2022, ina kiwango cha kinga cha IP53 ikifungwa lenzi iliyozibwa kwa gasketi dhidi ya maji na vumbi: tarakimu ya kwanza inamaanisha kwamba vumbi linalopenya si la kiasi cha kuharibu utendaji, na ya pili kwamba inastahimili maji yanayonyunyiziwa hadi pembe ya nyuzi 60 kutoka wima. Isitoshe, kioo kilicho mbele ya kihisi hutikiswa kwa kasi kubwa ili kukung'uta chembe, ufundi ambao Olympus iliuingiza katika kamera ya E-1 mwaka 2003 na ambao ninauthamini kuliko kipengele kingine chochote. Na vumbi likikaidi, lenzi inavuliwa, unapuliza, unaendelea na safari.

Chagua lenzi kwa uangalifu, kwa maana kinga ya mwili bila kinga ya lenzi ni mlango wa chuma kwenye ukuta wa makuti. M.Zuiko 20mm f/1.4 PRO imezibwa, hairefuki kama zumu, yaani lenzi ya kuvuta, na upana wake ni sawa na 40mm katika kipimo cha filamu (namba ikiwa ndogo, lenzi huona upana zaidi), jambo linalofaa kwa mitaa isiyo mipana sana. M.Zuiko 17mm f/1.8 ni nyepesi na nzuri kwa vichochoro, lakini toleo la kwanza halikuzibwa. Linalofaa ni la pili. M.Zuiko 12-45mm f/4 PRO ni zumu iliyozibwa, ila hurefuka ukiizungusha, na kwa hiyo ninaiweka nyuma ya hizo mbili. Dosari ya OM-5 iliyoniudhi ni tundu lake la kuchajia la Micro-USB, la mtindo uliokwisha kuachwa. Toleo la pili, la 2025, limerekebisha hilo kwa USB-C. Anayetaka iliyotumika atafute E-M5 ya 2012 au E-M5 Mark II ya 2015, ambazo zote zimezibwa, na asidanganyike kwa E-M10, ambayo kwa sura ni ndugu yao lakini haina gasketi za kuzuia maji wala vumbi.

Ya pili ni Fujifilm X100VI ya 2024. Lenzi yake haivuliwi, lakini pia haichomozi na kurudi ndani kila unapoiwasha. Ni 23mm f/2, sawa na 35mm ya filamu, na shata yake, kilango kinachoruhusu na kuzuia mwanga, iliyo ndani ya lenzi, ina sauti ndogo kiasi kwamba mtu aliye hatua mbili mbele yako haisikii. Ina pia filta ya giza iliyojengwa ndani, inayopunguza mwanga kwa hatua nne, neema kubwa juani mbele ya kuta nyeupe. Ningeiweka karibu zaidi na ya kwanza kama si jambo moja linalonikera kila ninapolikumbuka. Kamera hii inasifiwa kwamba imezibwa, lakini sehemu ya mbele ya lenzi haijazibwa hadi ununue pete ya kuunganishia pamoja na filta ya 49mm na kuzifunga, na vitu hivyo viwili huuzwa kando. Yaani umelipia nyumba, ukaambiwa bati la chumba cha mbele utalinunua mwenyewe. Wauzaji wengi hawalisemi hilo hata ukiwauliza kuhusu mvua, na baadhi yao, nina hakika, hawalijui. Wala usifikiri kwamba X100F ya 2017 itakingwa kwa pete hiyo hiyo: kinga ya namna hii ilianza na X100V mwaka 2020.

Ya tatu ni Ricoh GR III, na hapa mkono wangu unasita, kwa sababu kwa mitaa ya mjini pekee sijaona kamera iliyofikiriwa vizuri kuliko hii. Ina gramu 257 pamoja na betri na kadi, lenzi yake ni sawa na 28mm, na inakuruhusu kuipangia umbali kabla ya kubonyeza: ukiiweka mita 2.5 kwa f/8, kila kitu kuanzia takriban mita 1.1 hadi upeo wa macho huwa safi bila kuisubiri ijitafutie fokasi. GR IIIx ya 2021 ni ile ile yenye upana wa 40mm. Hata hivyo lenzi zake huchomoza na kujikunja, na mwili haukuzibwa. Ununue ikiwa unaishi mbali na bahari na barabara zako ni za lami. Ikiwa Jumamosi zako huishia gatini kati ya nyavu na mchanga, iache.

Ya mwisho kati ya kamera nilizozipima kwa kipimo hiki ni ukoo wa Sony RX100. Ni kamera hodari, na ile ya VII ya 2019 huvuta kutoka 24mm hadi 200mm, lakini kila milimita ya kuvuta huko ni hewa inayoingia, na hakuna kinga yoyote. Leica Q3, ambayo lenzi yake haijikunji na ina kiwango cha IP52, ingestahili nafasi ya juu, ila mwenye uwezo wa kuinunua hahitaji ushauri wangu.

Kwa asiyetaka kutumia pesa nyingi, simu aliyonayo haipumui, na OM System TG-7, yenye lenzi inayosogea ndani kwa ndani, huzamishwa hadi mita 15; vihisi vyao ni vidogo na jua likishazama picha huchakaa. Sina zaidi ya hayo.

Nina mengi zaidi kuhusu wauzaji wa kamera zilizotumika. Maneno yao ni yale yale: "imetumika mara chache", "haina tatizo", "haipitishi maji", na picha wanazokuonyesha kama ushahidi huwa ni za ua au paka, zilizopigwa ndani ya chumba kwa tundu lililo wazi kabisa, hali ambayo, kama nilivyokwisha eleza, huficha hata kihisi kilichojaa uchafu. Dawa yake ni jaribio lisilochukua dakika tano. Weka tundu f/16, ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) 100, fokasi iwe ya karibu kabisa, kisha elekeza kamera kwenye mbingu tupu au ukuta mweupe na uisogeze polepole wakati shata ingali wazi. Kila kilicho nje kitafutika na kuwa ukungu, na kilicho kwenye kihisi kitabaki palepale. Iwapo lenzi ni ya kujikunja, izime na kuiwasha mara kumi, upige tena na kulinganisha picha hizo mbili. Madoa yakiwa yamehama, au yameongezeka, ndani mna vumbi linalotembea, na hakuna usafishaji utakaodumu.

Mara ya mwisho nilipokuwa nikitafuta kamera ya akiba, nilimwomba muuzaji mmoja anitumie picha ya mbingu kwa f/16. Alinitumia picha ya kikombe. Nilimweleza tena, kwa adabu na kwa urefu, kwamba ninachohitaji ni mbingu, mbingu tupu, bila kitu kingine chochote ndani yake. Alikaa kimya hadi jioni, kisha akanitumia picha ya mbingu aliyoipiga saa tatu usiku.