Programu ya VR ya kumwonyesha mteja nyumba: ipi ununue ukiwa Kigoma

Viwanja vingi vya Kigoma viko mteremkoni, na mteja akishapata kiwanja cha kuona ziwa lazima atake baraza ilitazame. Ziwa Tanganyika liko magharibi, kwa hiyo baraza hiyo ndiyo inayopigwa na jua la jioni. Kwenye ramani ya karatasi haoni hilo. Mvalishe miwani ya VR (ya uhalisia pepe, inayomfanya ajione yumo ndani ya nyumba ambayo bado haijajengwa), msimamishe sebuleni saa kumi na moja jioni, na mwenyewe ataomba paa lisogezwe mbele. Ndiyo maana ninazipanga programu hizi kwa kuangalia mteja anaingia ndani ya nyumba haraka kiasi gani, na jua lake ni la kweli kiasi gani. Uzuri wa picha unafuata baadaye.

Ya kwanza kwangu ni Twinmotion ya Epic Games. Tangu 2024 ni bure kwa anayeingiza chini ya dola milioni 1 kwa mwaka, yaani karibu ofisi zote za ramani mkoani. Inapokea kazi kutoka programu za kuchorea majengo za SketchUp, Revit na Archicad. Ni nzito kupakua, basi tafuta intaneti nzuri kabla ya kuanza.

Enscape ni ya pili kwa sababu moja tu: inalipiwa kwa dola, tena kila mwaka. Kwa urahisi wa kutumia, inaishinda Twinmotion. Inafanya kazi ndani ya SketchUp au Revit yenyewe; ukisogeza ukuta, mteja aliyevaa miwani anauona ukisogea palepale. Mwenye kazi za hoteli au nyumba za kupangisha, zenye wateja wa kubadilisha mawazo kila kikao, asisite kuilipia.

Unreal Engine, programu ya kutengenezea michezo ya kompyuta, naiweka ya mwisho. Ina uwezo mkubwa kuliko zote, lakini inadai miezi ya kujifunza, na mteja wa nyumba ya vyumba vitatu hakungoji.

Kama huna miwani bado, zote mbili za juu zinatoa picha ya duara ya nyuzi 360 ambayo mteja anaizungusha kwenye simu yake. Haimruhusu kutembea, ila kwa mtoto wa hapa anayejenga akiwa Dar inatosha kuanzia.

Chochote utakachochagua, weka eneo la mradi kuwa Kigoma. Saa ni moja nchi nzima, lakini sisi tuko longitudo ya karibu digrii 29.6, hivyo jua linafika kilele kama saa saba mchana. Ukiacha Dar es Salaam kwenye mpangilio, vivuli vitapishana na ukweli kwa karibu dakika 40, na ukubwa wa baraza utaupima vibaya.

Upande wa kompyuta, VR ya Twinmotion na ya Enscape inataka Windows, Mac haitakusaidia. Dukani usiridhike na jibu la "ina RAM kubwa", maana hiyo ni kumbukumbu ya kompyuta kwa jumla. Uliza kumbukumbu ya kadi ya picha yenyewe, na kwa VR usishuke chini ya GB 8. Kadi ikilemewa picha inakwamakwama, na mteja anashikwa na kizunguzungu. Kwa hiyo kabla ya kulipia Enscape chukua toleo la majaribio, fungua mradi wako mzito kuliko yote, wenye miti na samani zake, kwenye mashine utakayotumia kazini, kisha vaa miwani utembee kutoka getini hadi barazani.