Makala ya wasifu ya SABR: Kumsoma Harry Wright tukiwa Kisumu

Vitabu kuhusu besiboli ya karne ya 19 ni adimu katika maduka ya Kisumu, na kuviagiza kutoka ng'ambo ni gharama ambayo mwalimu wa kawaida hujifikiria mara mbili kabla ya kuibeba. Ndiyo maana naitathmini hapa huduma ya makala ya wasifu inayotolewa kwenye intaneti na SABR, chama cha watafiti wa besiboli kilichoanzishwa na watu 16 mjini Cooperstown, Marekani, mwaka 1971. Makala hayo, ambayo sasa ni maelfu, huandikwa na watafiti wanaojitolea, na msomaji hatozwi ada yoyote. Nimeipima huduma hii hasa kwa mchezaji mmoja, Harry Wright, kwa kuwa ninafundisha michezo katika shule moja hapa mjini na nilitaka kuwaeleza wanafunzi wangu, ambao wanaijua raunda na kidogo kriketi, jinsi mchezo wa kujiburudisha ulivyogeuka kuwa kazi ya mshahara.

Wright ni kipimo kigumu kwa mwandishi yeyote wa wasifu. Alicheza uwanja wa nje wa katikati, yaani eneo la mbali nyuma ya besi ya pili, ambako mchezaji hulazimika kukimbilia mipira iliyopigwa juu sana au iliyowapita wenzake, na miaka yake bora uwanjani ilikuwa imekwisha kupita kabla ya kuundwa kwa ligi yoyote ya kulipwa. Ligi ya kwanza, National Association, ilianza mwaka 1871 akiwa na umri wa miaka 36, tena mamlaka ya besiboli ya Marekani haiihesabu miongoni mwa ligi kuu. Kwa hiyo anayemtafuta katika majedwali ya takwimu hukutana na mtu mzima aliyecheza misimu michache na kuondoka. Mchezaji wa namna hii hawezi kueleweka kwa tarakimu. Anahitaji kusimuliwa, na hapo ndipo huduma hii inapopata thamani yake yote.

Alizaliwa Sheffield, Uingereza, tarehe 10 Januari 1835, akapelekwa New York angali mtoto mchanga. Baba yake, Samuel, alikuwa mchezaji wa kriketi wa kulipwa katika klabu ya St. George, na Harry akafuata nyayo hizo hizo. Mwaka 1858 alijiunga na Knickerbocker, mojawapo ya klabu za mwanzo kabisa za besiboli, na mwaka 1865 akahamia Cincinnati, lakini si kwa ajili ya besiboli: aliajiriwa na klabu ya kriketi. Hapa msomaji wa Kenya ana faida. Sisi tuliomwona Steve Tikolo akiiongoza timu yetu hadi nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003 hatuhitaji maelezo marefu ili tuelewe ni kwa nini mtu aliyezoea kudaka mpira mgumu kwa mikono mitupu angefaulu katika besiboli ya enzi zile, iliyochezwa bila glavu.

Sehemu inayostahili kusomwa polepole ni ya mwaka 1869. Kabla ya hapo sheria za mchezo zilikataza malipo, na klabu zilizotaka wachezaji hodari ziliwalipa kwa siri au ziliwapa kazi za jina tu. Katazo hilo lilipoondolewa, Cincinnati Red Stockings iliwaajiri wachezaji wake wote kumi waziwazi kwa msimu mzima, kwa jumla ya mishahara ya takribani dola 9,300. Wright alikuwa nahodha, msimamizi na mchezaji kwa wakati mmoja, akalipwa dola 1,200, huku mdogo wake George, aliyekuwa nyota wa timu, akilipwa dola 1,400. Nalipenda sana jambo hilo, kwamba kaka mkubwa aliongoza timu ambamo mdogo wake alipokea zaidi yake, na kazi ikaendelea. Anayezikumbuka timu za viwanda vyetu vya sukari, kama Chemelil na SoNy, atatambua mara moja uzito wa swali la nani anamlipa mchezaji na kwa kazi gani.

Msimu huo walisafiri hadi San Francisco kwa reli iliyokuwa imekamilika mwaka huo huo, na hawakushindwa mechi hata moja. Walikuja kushindwa tarehe 14 Juni 1870, walipofungwa 8 kwa 7 na Atlantics ya Brooklyn katika mchezo uliorefushwa hadi zamu 11 za kupiga. Nguvu yao ilitokana na mazoezi. Wright aliwafundisha kushirikiana, mmoja akikimbilia mpira mwingine ajiweke nyuma yake endapo ungemponyoka, na yeye mwenyewe alikuwa akitoka uwanja wa nje kwenda kurusha mipira ya polepole ili kuwavuruga wapigaji waliozoea kasi ya mrushaji wa kawaida. Hilo la kumlinda mwenzako kwa nyuma nimelifanyisha wanafunzi wangu katika raunda, nao walilishika upesi.

Baada ya 1870 alihamia Boston na kutwaa ubingwa wa National Association miaka minne mfululizo, 1872 hadi 1875. Msimu wa mwisho timu yake ilishinda mechi 71 na kupoteza 8. Aliongeza mataji mawili ya National League, ligi ya kulipwa iliyofuata, 1877 na 1878, kisha akasimamia timu za Providence na Philadelphia. Mwaka 1890 alipoteza uwezo wa kuona kwa kipindi fulani, akapona na kurejea kazini hadi 1893. Alifariki Atlantic City tarehe 3 Oktoba 1895.

Upungufu upo. Makala yameandikwa kwa Kiingereza, kwa wasomaji wanaodhaniwa kuujua mchezo tayari, hivyo istilahi za besiboli hupita bila kufafanuliwa. Mwalimu anayetaka kuyatumia darasani ajifunze kanuni za mchezo kwanza, la sivyo atakwama. Kwa upande mwingine, kurasa zina maandishi mengi kuliko picha, kwa hiyo hazimalizi bando la simu, na kila makala huorodhesha mwishoni vyanzo vilivyotumika, jambo ambalo wanafunzi wa sekondari wanapaswa kulizoea mapema.

Naipendekeza huduma hii bila kusita kwa walimu wa michezo na kwa yeyote anayefuatilia historia ya ajira katika michezo. Anayeanza na asome habari za Harry kwanza, kisha za George. George aliingizwa katika Jumba la Heshima la Cooperstown, linaloenzi magwiji wa besiboli, mwaka 1937, na Harry akasubiri hadi 1953. Anayesoma habari zao kwa mpangilio huo ataweza kujiamulia kama kusubiri huko kulikuwa kwa haki.