Kaunta buku ya kuandikia mambo ya watoto, naipa nne kwa tano

Wacha niseme mapema ndio mwenye hana wakati asome hapa aende: kama unataka kuweka kumbukumbu za watoto wako, vile wanakua na vile Mungu amewatoa mbali, nunua kaunta buku. Ile tu ya gamba gumu yenye watu wa duka wanaandikia madeni. A4, quire 2, hiyo ni kurasa 192. Yangu nilinunua tao, kwa duka moja la jumla huko River Road, Nairobi, nikatoa mia tatu nikarudishiwa chenji, na kijana wa kaunta akaniuliza mama unafungua duka ya nini.

Najua mtasema si simu iko. Iko, na picha ziko mpaka simu inalia, lakini hebu jiulize mara ya mwisho umeketi na watoto mkaziangalia ni lini. Status ya WhatsApp inakaa masaa 24 inapotea. Google Photos tuliizoea ikiwa ya bure tukawa tunarusha kila kitu huko, kufika tarehe 1 Juni 2021 ile bure isiyo na mwisho ikaisha, sahi unapewa GB 15 na hizo unagawana na barua zako za Gmail na mafaili ya Drive, zikijaa unalipa ama unaanza kufuta, alafu ukikaa miaka 2 bila kuingia kwa hiyo akaunti Google wanaweza kuifuta na kila kitu kilichomo, hiyo walianza Desemba 2023. Sasa ona mtoto amekua mtu mzima anatafuta picha zake kwa akaunti ya mamake na hakuna mtu anajua paswadi. Sisemi usipige picha, mimi napiga hata githeri. Lakini nina picha moja ya kitinda mimba amesimama juu ya kiti jikoni na sufuria kichwani, sisi wote tunaonekana tumecheka mpaka machozi, na hakuna mtu kwa nyumba anakumbuka ilikuwa nini.

Kitu ingine niliangalia kabla ya kununua ni zile albamu za mtoto za kutoka nje, ziko kwa maduka ya zawadi huko kwa mall, karatasi nzito, dubu kwa gamba, utepe. Zinapendeza jameni. Lakini pesa yake inanunua kaunta buku za ukoo mzima, na mwenye aliitengeneza hakuwa anafikiria mtu wa mtaa wa Umoja. Ile nilishika ilikuwa na ukurasa wa theluji ya kwanza. Theluji! Alafu kwa mti wa familia kulikuwa na nafasi ya shangazi wawili, wawili peke yake, na mimi niko na mashangazi wa kukopesha watu. Na mtoto akifikisha mwaka mmoja kitabu kimeisha, ni kama baada ya hapo hatafanya kitu tena. Nikarudisha kwa rafu.

Kaunta buku haikuulizi kitu, na hapo ndio ilinibamba. Mambo ya kliniki siandiki humo, kile kijitabu cha mama na mtoto kinatosha, uzito uko, chanjo ziko, BCG ya kuzaliwa, zile za wiki 6, 10 na 14, surua ya miezi 9 na ingine ya miezi 18, nesi anafanya hiyo kazi vizuri. Mimi naandika zile vitu nesi hakuuliza. Kwa mfano hii ya kifungua mimba: “Amekataa nimshike mkono pale steji ya Mutindwa, ati yeye ni Grade 4. Matatu ikapiga honi akanishika mwenyewe.” Ama maombi ya kitinda mimba mbele ya chakula, nimeyanakili neno kwa neno: “Mungu bariki chapo, bariki ndengu, hiyo sukuma iache tu.” Hizo vitu ukingoja mpaka kesho zimeenda.

Na sitaficha, mimi ni mtu wa kanisa, sababu kubwa ya kuandika ni shukrani. Jumapili jioni baada ya chai kila mtu anasema kitu kimoja anamshukuru Mungu nacho, mimi naandika na tarehe. Si maneno makubwa. Wiki ingine ni stima kurudi kabla ya katuni kuisha. Lakini kuna kitu tarehe inafanya, juu mara ngapi mtu anasimama kwa ushuhuda anasema Bwana ametenda makuu, ukimuuliza ni gani anaanza kutafuta? Kwa Yoshua sura ya 4 waliambiwa watoe mawe 12 hapo Yordani ili watoto wao wakiuliza kesho haya mawe ni ya nini, wapate kuelezwa. Hakuna mahali waliambiwa watafute mawe ya kupendeza. Kwa hivyo mwandiko wangu mbaya usinizuie.

Ukurasa wa mtoto wa pili alipolazwa na nimonia ndio unafunguliwa kuliko yote. Mistari mitatu tu, mwandiko umelala kama umelewa: amepumua bila ile mashine, amekunywa uji nusu kikombe, amemtusi nesi, asante Yesu. Yeye mwenyewe sahi anaenda kuisoma hapo kwa “amemtusi nesi” na anataka kujua alisema nini. Nimekataa kumwambia.

Jirani yangu ni Muislamu, tulienda tao pamoja kununua, yake anaandika sana wakati wa Ramadhani baada ya kufuturu, nani amefunga siku nzima mara ya kwanza, nani alipatikana nyuma ya mlango na mandazi. Kwa hivyo msidhani ni kitu ya kanisa peke yake.

Baba watoto alikuwa anasema hiyo ni kazi ya wamama. Alafu tarehe 10 Agosti 2025 wakatoka kanisani na kijana wakaenda Kasarani, ile mechi ya Kenya na Morocco ya CHAN, mashindano ya mpira ya Afrika. Usiku akaniitisha kaunta buku mwenyewe. Ukurasa mzima, bao la Ryan Ogam ameandika vile mpira ulikuja, vile kijana alirukia mtu hawamjui wakakumbatiana, moja bila, na chini kabisa “Asante Mungu kwa huyu mtoto na kwa difensi.” Tangu hiyo siku anaandika, lakini ukweli usemwe ni mpira mpira tu.

Sasa bidhaa yenyewe. Kitu cha kwanza kabisa angalia vile imeshikwa. Fungua katikati kabisa, uone uzi. Iliyoshonwa kwa uzi inalala wazi kwa meza na inavumilia kufunguliwa kila siku, ya gundi peke yake ikianza kupasuka mgongo karatasi zinatoka moja moja. Niliwahi kupata moja hivyo kwa duka la mtaa, kabla mwaka uishe nilikuwa nazifunga na raba, na mwenye duka akasema hizo zote ni sawa. Si sawa. Kwa nje zinafanana, usinunue kama imefungwa kwa nailoni na hawakubali uifungue.

Karatasi ni nyepesi, hapo ndio nimekata alama. Feltipeni inatokea upande wa pili, peni ya jeli inasambaa ikiguswa na maji, andika na biro ya kawaida juu wino yake ni ya mafuta, chai ikimwagika unapanguza na bado unasoma. Watoto wakitaka kuchora wapee penseli. Pia kurasa hazina namba, mimi nimeziandika mwenyewe kwa pembe, inasaidia sana ukitaka kutafuta kitu.

Kubandika picha kunahitaji akili kidogo. Selotepu wacha kabisa, baada ya miaka inakuwa ya manjano inabanduka na inaacha doa. Gundi ya maji inakunja karatasi. Zile pembe ndogo za kushikilia picha za albamu ndio poa, ama ukate mikato minne kwa karatasi uingize pembe za picha. Picha zikiwa mob kitabu kinafura mpaka hakifungi, sasa toa karatasi kadhaa hapa na pale, lakini using’oe, kata na makasi uache kipande kama cha upana wa vidole viwili karibu na mgongo, juu kwa kitabu cha kushonwa karatasi moja imeshikana na mwenzake upande ule mwingine, uking’oa hii ile inalegea.

Na tafadhali, ile picha ya skani ya ujauzito. Inachapishwa kwa karatasi ya joto, ni kama ya risiti ya supamaketi, hata ukiificha inafifia polepole. Dada mmoja wa chama chetu alipeleka yake kwa saiba iwekwe lamineti ikae milele, ile mashine ni ya moto, ikatoka nyeusi tititi, mtoto amepotea na miguu yake. Aliyekuwa kwa mashine akasema pole na akaitisha pesa. Ya skani toa fotokopi, ubandike hiyo fotokopi.

Udhaifu mkubwa ni kwamba iko moja tu. Mafuriko ya Aprili 2024 watu wa Mathare na Mukuru walitoka na nguo waliyovaa, vyeti vikaenda, kila kitu kikaenda, na kaunta buku hata gamba gumu haiogelei. Mimi naipiga kurasa picha na simu nikimaliza mwezi (ndio, simu ile ile nimeitusi hapo juu), na yenyewe inakaa kwa mfuko wa plastiki juu ya kabati, si chini ya kitanda. Ikijaa nitaenda kuitoa fotokopi nzima tao na kuifunga kwa waya, kila mtoto na yake.

Kuna mwenye ameniuliza kama ni afadhali kila mtoto awe na kaunta buku yake. Hapana. Moja ya nyumba nzima, ndio wa pili akisoma yake akutane na ya ndugu yake, alafu pia utachoka, utajikuta umeandikia mmoja mob na mwingine kurasa mbili na hiyo kesi utaijibu wakiwa wakubwa.

Quire 3 iko, kurasa 288, lakini ni nzito kushikia kwa magoti na mtoto amekulalia. Quire 2 inatosha. Na mwende kununua kabla ya Januari, ile wiki ya shule kufungua maduka ya tao hayaingiliki, utasukumwa na wazazi wenye orodha mpaka uchukue yenye iko karibu bila kuangalia uzi.