Kikinga pigo cha Aina ya 2 kwa hita na pampu: kizuri, ila kifungwe sawasawa

Kikinga pigo (SPD) ni kifaa kidogo cha kupachika ndani ya boksi la breka ili kumwaga kwenye ethi pigo, yaani volteji kubwa ya ghafla inayoletwa na radi. Kina kidirisha cha kijani kinachogeuka chekundu kikifa. Kwa nyumba ya fezi moja, tafuta kilichoandikwa Uc 275 V (volteji kinayohimili muda wote), In 20 kA (mkondo wa pigo kinaohimili mara nyingi), Imax 40 kA (mkondo mkubwa kabisa wa pigo kinaohimili), na Up isiyozidi 1.5 kV. Hiyo Up itazame kwanza, maana ndiyo volteji inayoponyoka kikinga na kufika kwenye bodi ya kielektroniki ya hita ya maji.

Nyumba za kuzunguka Ziwa Victoria, ambako ngurumo haziishi, zinakihitaji kweli. Usikichanganye na gadi ya friji ya kuchomeka. Rilei ya gadi hukata kwa milisekunde. Pigo la radi huwa limeshapita ndani ya makumi ya mikrosekunde.

Kinachokiangusha kifaa hiki kwa kawaida ni waya. Urefu wa waya wa fezi unaoingia ukijumlishwa na wa ethi unaotoka usizidi nusu mita. Pigo la kA 10 likipita, kila mita huongeza takriban kV 1 juu ya Up, kwa hiyo fundi akiacha waya wa ziada umejikunja ndani ya boksi, kinga imepungua vibaya. Ethi iwe shaba ya mm² 6 au nene zaidi. Nyumba inayotegemea fimbo yake yenyewe ya ethi ichukue chenye moduli mbili, moja kati ya fezi na nyutro, nyingine kati ya nyutro na ethi, kifungwe kabla ya breka ya RCD, ile inayokata umeme unapovuja.

Mabomba ya chuma yaungwe kwenye ethi hiyohiyo. Yakiachwa, pigo hupandisha volteji ya ethi huku bomba likibaki chini, na cheche hurukia hapohapo kwenye hita.

Kwa pampu ya kuzama kisimani, kikinga cha ndani peke yake hakitoshi. Mota imekaa ndani ya maji, nayo ni ethi bora kuliko fimbo iliyo juu, basi pigo hutoboa insulesheni ya koili likiyafuata maji. Weka kikinga cha pili mdomoni mwa kisima, ethi yake ifungwe kwenye kesi ya chuma, yaani bomba linaloshikilia kuta za kisima. Kesi ikiwa ya PVC, shusha waya wa ethi hadi kwenye mota.

Waya wa floti ya tangi na wa sensa ya hita ya sola hupita nje kabisa ya kinga hii. Unahitaji kikinga chake cha volteji ndogo.

Nyumba yenye fimbo ya radi paani ianze na kikinga cha Aina ya 1, kinachohimili radi ya moja kwa moja, 12.5 kA, ethi mm² 16, pale umeme unapoingilia.

Nunua chenye katriji ya kuchomoa. Kikifa, umeme wa nyumba kwa kawaida huendelea kuwaka kama hakuna kilichotokea, kwa hiyo fungua boksi na uangalie kidirisha kila baada ya mvua kubwa ya radi.