Vyambo vya Bandia kwa Maji ya Unguja na Pemba: Kipi Ununue Kwanza

Ukiwa na laki tatu mfukoni na unataka kuanza kuvua kwa fimbo hapa kwetu, usianze na ukuta wa vyambo dukani. Najua ndiko macho yanakokimbilia: visamaki vya plastiki vyenye macho mekundu, vinang'aa kama shanga. Lakini chambo kazi yake ni kumwita samaki tu. Wa kumtoa majini ni uzi, fundo, ndoana na breki ya rili (kile kifaa cha kuzungushia uzi kwenye fimbo; breki ndiyo inayopima uzi utoke kwa ugumu gani samaki akivuta), na hivyo ndivyo vinavyokuangusha. Nusu ya fedha peleka kwenye rili, robo kwenye fimbo, na robo ya mwisho igawe: kubwa iende kwenye uzi, ndogo kwenye vyambo viwili vitatu. Vyambo vingine vitakuja taratibu.

Wengi wetu tumejifunza kwa video za Marekani, na huko sana wanavua bass, samaki wa maziwa na mito. Ni uvuvi mzuri na wanaoupenda wana haki ya kuupenda. Ila tazama uzito: rekodi ya dunia ya bass mdomo mpana ni kilo 10 na kidogo, samaki wa Georgia wa mwaka 1932, na mwaka 2009 akapatikana mwenzake wa uzito huo katika ziwa Biwa, Japani. Kolekole mkubwa, huyu huyu anayezunguka miamba yetu, rekodi yake ni kilo 72.8, aliyevuliwa Japani mwaka 2006. Ndoana iliyotengenezwa kwa bass ni nyembamba, imepakwa rangi ya kupendeza, na haikuwahi kufikiriwa itaingia maji ya chumvi. Siku ya pili imeshika kutu, siku ya tatu imenyooka.

Kwa hiyo rili kwanza. Chukua ya namba 4000 au 5000; namba ni ukubwa wa rili. Shimano, Daiwa na Penn ndizo ninazoziamini, na kwangu mimi rili ya mtumba ya jina la kweli ni bora kuliko mpya isiyojulikana imetoka wapi. Ukiletewa ya mtumba, zungusha mpini polepole ukiwa umeisogeza sikioni. Ikikwaruza, mchanga umeshaingia kwenye beringi. Kisha tazama pembeni ya skrubu za mpini: ukiona unga mweupe au wa kijani, mwenyewe hakuwa akiiosha kwa maji matamu, mrudishie. Mwisho kaza breki nusu, uvute uzi kwa mkono. Utoke sawasawa, usitoke kwa kushtuka-shtuka.

Fimbo sina maneno mengi. Futi 8 au 9, ya vipande viwili ili iingie kwenye daladala bila kumtoboa mtu jicho, na iwe imeandikwa inarusha gramu 20 mpaka 60.

Uzi ndio nina machungu nao. Nilinunua duka moja la mjini uzi wa kusuka ulioandikwa pauni 50, yaani nguvu ya kuvutwa kabla haujakatika, bei ya kutupa. Asubuhi ya kwanza alikula kolekole wa kilo nne hivi, akageuka mara moja kuelekea mwambani, na kabla sijashika vizuri uzi ukalia tap, ukabaki unapepea kwa upepo. Nyumbani niliutandaza mezani. Ulikuwa bapa kama utepe, una nywelenywele, na rangi yake ya kijani imehamia vidoleni mwangu. Uzi mzuri wa nyuzi nane ni mviringo na umebana. Wa pauni 30 unene wake ni karibu robo ya milimita. Mwombe muuzaji uvute kipande kidogo, ukipitishe baina ya kucha mbili. Ukihisi matuta, au ukiacha rangi, usiuchukue hata ukipunguziwa.

Pauni 30, mita 200, zinatosha kuanzia. Mbele yake funga nailoni ya pauni 40 au 50, urefu wa pima moja, kwa sababu uzi wa kusuka ukigusa jiwe tu umekwenda. Ukifuata nguru au mzia ongeza waya shibiri moja. Meno yao hukata nailoni kama mkasi wa fundi cherehani.

Sasa vyambo vyenyewe, nilivyovipanga baada ya miaka ya kurusha na kupoteza.

Cha kwanza: chuma cha gramu 40

Kama utanunua chambo kimoja tu, nunua hiki. Tunakiita chuma, ila ni kipande cha risasi kilichotiwa umbo la dagaa na rangi ya fedha, hakina mdomo wala mkia wa kukatika. Sababu yangu ni upepo. Kusi ikishavuma, chambo chepesi cha plastiki ukirusha kinakurudia usoni, ilhali chuma kinakata upepo na kufika pale vibua wanaporuka. Kinazama haraka, kwa hiyo unaweza kukitembeza juu, katikati au karibu na chini, na kila anayekula vibua atakijaribu: kolekole, sehewa, mzia, hata chewa ukikiacha kishuke. Kikikwama mwambani, hasara yake ni ndogo kuliko ya vingine vyote.

Kasoro yake ni ndoana inayokuja nayo. Wakati mmoja nilikuwa Mkokotoni, nimekaa na mzee mmoja aliyevua maisha yake yote, nikamwonesha chuma changu kipya. Baada ya shikamoo na marahaba akakiweka kiganjani, akakipima uzito, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaishika ile ndoana ya meno matatu kwa koleo na kuvuta kidogo. Jino moja likafunguka kama waya wa hanga. Akaniambia, "Mwanangu, chuma chako kizuri. Lakini hii ndoana utamvulia tasi." Tangu siku ile, chambo nikikinunua natoa ndoana zote na kuweka moja moja, nene, Mustad au ya kufanana nayo, kwa pete mpya ya chuma kisichoshika kutu. Ndoana moja hainasi sana mwambani, na samaki mdogo unaweza kumrudisha baharini bila kumchana mdomo. Weka fedha ya ndoana na pete kwenye hesabu ya chambo tangu mwanzo.

Cha pili: samaki wa mdomo, kwa wenye chombo

Huyu ni yule samaki wa bandia mwenye kijiko cha plastiki chini ya kidevu, ukimvuta anazama na kuyumba. Ukiwa ufukweni ningemweka chini zaidi, maana hafiki mbali. Lakini kwa kurambaza, yaani kumkokota nyuma ya mashua au boti ya faiba, hana mpinzani kwa nguru. Maarufu kuliko wote ni Rapala, na asili yake inanigusa kila nikiifikiria: Lauri Rapala alikuwa mvuvi wa kawaida wa Ufini, na mwaka 1936 alichonga wa kwanza kwa gome jepesi la koki, akamfunika kwa karatasi ya kung'aa ya chokoleti. Alikuwa ametazama samaki wakubwa wanamfuata yupi kwenye kundi, akaona ni yule anayeyumba.

Kwa hiyo usione haya kujitengenezea. Chambo changu cha pili cha kurambaza hakikununuliwa. Nachambua nyuzi nyeupe za gunia la plastiki, nazifunga kichwani kwa risasi yenye tundu, napitisha nailoni katikati, ndoana moja inabaki imejificha kwenye nyuzi. Kwenye maji zinafunga na kufunguka kama ngisi anayekimbia. Sehewa wanakila bila kuuliza bei. Ukinunua samaki wa mdomo, nunua mmoja halisi wa sentimita 12 mpaka 16, mgongo wa buluu na tumbo jeupe, na vingine fanya kwa mikono yako. Wale wa kuiga wanaouzwa kwa pakiti huogelea ubavu. Mwombe muuzaji beseni la maji, au mvute kwenye maji ya kina kifupi siku hiyo hiyo, ili urudi naye akiwa bado na pakiti.

Cha tatu: egi, kwa ngisi

Watu wanaipita kwa sababu haina sura ya samaki. Ni kama kamba aliyevishwa kitambaa, nyuma ana taji la sindano. Anaipenda ngisi, na ngisi ni kitoweo ambacho nyumbani hakuna anayekikataa. Namba 3.0 inafaa maji yetu ya kina cha wastani. Usiku wa utulivu, penye gati lenye taa, irushe, iache ishuke polepole, ipandishe mara mbili kwa fimbo, iache tena. Ngisi huja wakati inashuka, na hagongi: utahisi uzito tu, kama umenasa kitambaa kilicholowa. Legeza breki, usimnyanyue kwa nguvu, maana sindano hazina vishikizo na mikono yake huchanika. Ukiwa na mtoto anayejifunza, mpe hii mwanzo.

Cha nne: popa

Popa ni chambo kinachoelea na kupiga maji juu kikivutwa, na moyo wangu ungeiweka ya kwanza. Kolekole mkubwa akipasua maji nyuma ya popa alfajiri, miguu inakosa nguvu. Lakini huu ni mwongozo wa kununua, na popa ya kolekole wa kweli ina gramu 100 na zaidi, inataka fimbo nyingine nzito, rili ya namba 14000 au 18000 na uzi wa pauni 80. Kwa vifaa nilivyotaja juu, ukipata ndogo ya gramu 30 itakufurahisha kwa kolekole wadogo, maji yakiwa yanaanza kujaa juu ya mwamba. Kubwa isubiri mpaka mfuko uruhusu.

Cha mwisho: mpira laini

Chambo hiki cha mpira unaopindika, chenye mkia, ndicho anachokipenda mvuvi wa bass kuliko vyote, na kwenye ziwa lake kina haki hiyo. Kwetu kuna bunju na vikande. Unarusha, unahisi kugongwagongwa, unavuta, na mkia haupo: umekatwa mstari ulionyooka kama kwa wembe. Pakiti yenye vipande kumi inaisha asubuhi moja. Nabeba viwili tu, vyeupe, kwa ajili ya chewa mahali penye mawe makubwa.

Kwa wa Pemba nabadilisha jambo moja. Magharibi ya kisiwa, mkondo wa Pemba, yaani ile bahari kati ya kisiwa na bara, unashuka ghafla na kina kinazidi mita 800 huko mbele, kwa hiyo ukitoka kwa chombo upande wa Wete au Mkoani, chuma cha gramu 40 kinabebwa na maji yanayokwenda kasi kabla hakijafika popote. Nunua cha gramu 100 au 150, na kwenye rili uwe na uzi wa mita 300. Kabla ya kushusha muulize nahodha mpaka wa hifadhi ya Misali uko wapi, kama vile huku Unguja usivyorusha Chumbe, ambako mwamba umefungwa kwa uvuvi tangu 1994. Na wakati wa bamvua, subiri maji yakaribie kusimama. Dakika zile chache kabla hayajageuka ndizo ambazo chuma kinashuka wima.